Chai Aliyoikataa Fundi Osewe

Sikuwahi kuziamini zile tembe, na hata leo ukiniwekea mezani sitaziamini. Nasema mapema, mtu asije akaniuliza mwishoni eti, Mama Khamala, kwani hukubadili mawazo? Sikubadili. Lakini habari hii si ya tembe. Ni ya Phanuel Osewe, fundi wa nguo wa pale Lindi, Kibera, mtu mpole kupita kiasi, ambaye mwaka wa tisini na tisa, kwa wiki tatu nzima, alifanya mtaa unichukie bila yeye kusema neno hata moja baya juu yangu.

Nianze na tulivyokuwa tukikaa. Mimi, Nelima, nilikuwa na kibanda cha chai, mabati manne na majiko mawili ya makaa, mkabala na duka la Osewe. Nikisema duka usifikirie duka. Ni kibaraza cha mbao chenye paa, cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, na kamba ya kutundika nguo. Kati yetu ilipita njia ya watu wawili kupishana, na mtaro wa maji machafu ambao sote tulijifanya hatuuoni. Osewe alishona kanzu za makanisa, yale ya kwetu Bungoma na Kakamega na yale ya kwao ziwani, nyeupe zenye msalaba mwekundu mgongoni. Msalaba wa Osewe ulikuwa umenyooka. Wachungaji walitoka hadi Kawangware kuja kuutafuta.

Kila asubuhi kikombe changu cha kwanza kilikuwa chake. Wenye biashara ndogo wanalijua jambo hili. Anayekufungulia ndiye anayeamua siku yako. Kuna watu wakikufungulia, hata nzi hatui kwenye meza yako mpaka jioni. Osewe alikuwa na mkono mwema. Akishakunywa kile kikombe, mandazi yanaisha kabla ya saa nne. Miaka sita alinifungulia. Hata asubuhi niliyorudi kutoka kumzika bwanangu Wakoli, nikawasha jiko huku machozi yananidondokea kwenye makaa, nilipoinua kichwa Osewe alikuwa amekaa kwenye benchi, ananingoja. Hakusema pole wala nini. Alisema, "Mimina, Mama Khamala." Hilo sikulisahau.

Basi baada ya ile mvua ya El Niño, mwanzoni mwa tisini na nane, akashikwa na homa. Wiki mbili hakuonekana. Homa ikaenda, uchovu ukabaki. Na mimi nilijua hali yake kwa masikio, hata bila kumtazama. Zamani cherehani ilikuwa inalia mfululizo kutoka shingo ya kanzu mpaka pindo. Sasa ikawa inalia kidogo, kimya. Inalia kidogo, kimya. Ukichungulia, unamkuta ameweka paji la uso juu ya mashine, mikono imelegea kandoni.

"Fundi, hukulala?"

"Nimelala tangu saa moja jioni," ananijibu. "Nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Ni kama kuna mtu amenikamua."

Alipimwa malaria, hakuna. Akapigwa picha ya kifua, hakuna. Akapimwa hata ule ugonjwa ambao miaka ile tulikuwa tukiutaja kwa kushusha sauti, hakuna. Daktari akamwambia apumzike. Apumzike wapi, Lindi? Na nani amshonee? Waliompenda Osewe wakasema amekuwa mvivu. Wasiompenda wakasema karatasi ya hospitali huandikwa lolote. Yeye aliniletea mimi karatasi ile niisome, mimi peke yangu. Nikaisoma mara tatu, nikaigeuza na nyuma. Damu safi.

Na bado, Mungu anisamehe, nikaanza kumwekea kikombe chake peke yake. Kile cha buluu kilichobanduka ukingoni. Vikombe vingine nilikuwa navitumbukiza kwenye karai na kuvitoa, basi. Cha Osewe nilikuwa nakiosha kwa sabuni, nakisuuza, kisha nakiosha tena. Nilijiambia ni usafi. Mwaka mzima na nusu nilijiambia ni usafi.

Sasa ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa nane, tisini na tisa. Osewe akaja kama kawaida, akakaa kwenye benchi. Nikamimina. Akatoa mfukoni kichupa cha maji, maji yake, kutoka kwake, akanywa mafunda mawili palepale mbele yangu.

"Leo sitakunywa chai," akasema. "Labda mchana."

Mchana? Tangu lini Osewe akanywa chai mchana? Nikacheka. "Umeanza kufunga kama Waislamu wa Makina?"

Hakucheka. Akaangalia chini, akavuka mtaro, akaenda kwenye mashine yake. Chai ile nikaimwaga, maana kikombe cha kwanza kikikataliwa humpi mtu mwingine.

Siku ya pili, vilevile. Maji yake, mafunda mawili, "labda mchana." Siku ya tatu alikuwepo Shivachi, fundi wa mjengo, mrefu, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Akaangalia kikombe cha Osewe kimejaa, akaangalia kile kichupa cha maji, akanigeukia.

"Mathe, kwani umeweka nini humu?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ndiyo kosa langu, ningemtupia mwiko palepale.

Maana utani wa Shivachi ulianza kutembea. Kwa sisi watu wa magharibi, na kwa Wajaluo pia, mtu hakatai chakula cha jirani hivihivi. Ukishiba unasema umeshiba, lakini unaonja. Mtu aliyekunywa chai yako miaka sita, siku moja akaja na maji yake na kukaa mbele ya sufuria yako bila kugusa kitu, huyo anawaambia watu jambo. Ameona kitu. Au ameambiwa kitu. Kufikia Ijumaa benchi langu lilikuwa na nafasi. Wiki ya pili niliwaona wateja wangu, watu ninaowajua kwa majina ya watoto wao, wanapita na nyuso zimegeukia upande wa pili kama wanatafuta anwani.

Kisha wakamtoa Wakoli kaburini. Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa nyuma ya kibanda namwaga majivu. Mwanamke mmoja anamwambia mwenzake, "Si hata bwanake alienda haraka hivyo? Nani alikuwa anampikia?"

Nilisimama pale na ndoo ya majivu mkononi. Wakoli alikufa kwa homa ya matumbo, mtaa mzima ulimwona. Walinisaidia kumbeba! Sasa mikono iliyombeba ndiyo inaninyooshea kidole. Khamala wangu alikuwa kwa nyanyake nyumbani, anasoma kwa hicho kibanda. Kibanda kikifa, shule imekufa, na jina la muuaji linasafiri mpaka kijijini kunisubiri. Nitaenda wapi?

Lakini ngoja nikwambie kilichoniogopesha zaidi. Cherehani.

Ilikuwa inapona. Wiki ya kwanza sikuitilia maanani. Wiki ya pili ikawa inalia kutoka shingo mpaka kiunoni bila kusimama. Kufikia wiki ya tatu, shingo mpaka pindo. Osewe akanyoosha mgongo. Siku moja nikamsikia anaimba, yeye ambaye kwa mwaka na nusu hakuwa na pumzi hata ya kupiga mluzi. Na si mimi tu niliyesikia. Mtaa wote ulisikia. Hesabu yao ilikuwa rahisi: alipokuwa akinywa chai ya Nelima alikuwa nusu maiti. Ameacha chai ya Nelima, anaimba.

Wewe ungejitetea vipi hapo?

Nikaanza kujishuku mwenyewe. Usicheke. Nilinusa maziwa. Nikamfukuza muuza maziwa wangu wa miaka mitatu, mtu hana kosa, nikatafuta mwingine. Nikasugua sufuria kwa mchanga mpaka ikataka kutoboka. Nikamwaga majani ya chai yote nikanunua mapya. Nilikuwa nikinywa chai yangu mwenyewe nasikiliza tumbo. Nikichoka jioni, kama mtu yeyote aliyeamka alfajiri anavyochoka, najiuliza: ni kazi, au ni ile chai?

Mwishowe nikaamua kwenda kumwona dada yake. Aoko alikuwa anaishi Kawangware, pale stendi ya 46, na kufanya kazi ya nyumba kwa watu wakubwa upande wa Lavington. Jumapili baada ya kanisa nikapanda kwa miguu mpaka Olympic, nikavuka Ngong Road, nikamkuta ameketi mlangoni anachambua sukuma wiki. Aliponiona alisimama haraka mno.

"Karibu, Mama Khamala. Kwema?"

"Si kwema. Nimekuja unielezee ndugu yako."

Akaniingiza ndani, akanipa kiti, akawasha stovu. Akamimina chai. Hapo sijui shetani gani alinishika. Nilikitazama kile kikombe, nikafikiria jinsi nilivyochoka kukataliwa, nikakisukuma kwa kidole. "Nimeshiba," nikasema.

Uso wake ulikunjamana kama nimempiga. Nilijua sasa nilivyokuwa ninaonekana kila asubuhi mbele ya watu, na sikufurahi kulijua.

"Ndugu yangu amekuwa maiti inayotembea karibu miaka miwili," Aoko akasema hatimaye. "Sasa anakanyaga mashine. Mambo mengine sitaki kujua. Muache, tafadhali."

"Nimuache? Ni mimi ninayeachwa na watu! Amepewa nini?"

"Anajua anachofanya." Na alipokuwa akisema hivyo, mkono wake ulivuta kitambaa cha meza kufunika kitu kwenye rafu. Hakuwahi. Nilikiona. Kichupa kidogo cheupe, kimeandikwa maandishi madogomadogo ya kigeni, kifuniko cha buluu.

Nilitoka pale bila kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa naunganisha, na kila nilichounganisha kilikaa sawa. Aoko amempeleka kwa mganga. Waganga wa siku hizi hawatumii vibuyu, wanaokota chupa za wazungu wanajazia mizizi yao. Na mganga akiulizwa nani amefanya, anasema nani? Anasema mtu wa karibu. Mwanamke. Anayekulisha. Nilipofika darajani Lindi nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu: nimetajwa. Osewe, niliyemlisha miaka sita, amelala na jina langu mdomoni kama la mchawi. Nililia kwa hasira mpaka watu wakanipisha.

Jumatatu sikungoja aje. Cherehani ilikuwa tayari inalia. Kwenye benchi langu alikuwepo Mwalimu Khaemba peke yake, wa shule ya watoto wadogo, ambaye hakuacha kunywa chai kwangu kwa sababu ni mbishi tangu azaliwe. Shivachi alikuwa amesimama kando na wenzake wawili wa mjengo, hawanywi, wanangoja tu mtu. Kwa Osewe alikuwepo mama mmoja wa kanisa aliyekuja kujaribu kanzu.

Nikajaza kikombe cha buluu. Nikavuka mtaro.

"Osewe, simama."

Mashine ikanyamaza. Nikainua kikombe kila mtu akione, nikanywa. Si kuonja kwa ulimi, nilimeza funda zima likaniunguza koo. Kisha nikamnyooshea kwa mikono miwili. Kwetu Bungoma mwenye nyumba huonja kwanza ndipo akampa mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Hata kwao ziwani ni hivyo. Na akishaonja mbele yako, ukikataa, umesema hadharani kwamba huyu ni muuaji. Hakuna njia ya katikati. Osewe alilijua hilo kama mimi.

Alitazama kikombe. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Si sasa, Mama Khamala. Nakuomba. Nikinywa sasa naharibu kila kitu."

"Mmesikia?" Shivachi akasema nyuma yangu. "Inaharibu."

Hapo nikalipuka. Nilisema yote. "Mganga alikuambia ni mimi? Alinitaja kwa jina langu ama alisema tu mwanamke mweusi mfupi? Nimekulisha, Osewe! Ulipolala na homa nilikuletea uji mpaka kwako. Leo unanywa maji yako mbele ya watu kama nimekutilia sumu, wanasema nilimuua Wakoli, wateja wamenikimbia, na wewe unaimba! Unaimba! Sema basi. Sema mbele yao nilikufanya nini!"

"Mganga gani?" Osewe akauliza. Alishangaa kweli. Alitazama watu, akanitazama mimi, na nikaona habari inamfikia polepole, mtu wa kukaa na mashine yake tu, hasikilizi ya njiani. "Wanasema umeniwekea sumu?"

"Kwani ulidhani wanasema nini?"

Akakaa. Akashika kichwa. Kisha akavuta droo ya cherehani, ile ya nyuzi na sindano, akatoa kichupa cheupe chenye kifuniko cha buluu, akakiweka juu ya mashine, mbele ya kila mtu.

"Basi sababu ni hii. Sitaki uharibikiwe kwa ajili yangu." Alikuwa anaongea taratibu. "Aoko alipewa na mama yule mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi. Yule mama alikuwa na uchovu kama wangu, analala mchana kutwa, na madaktari wao nao hawakuona kitu. Alipokuwa anarudi kwao akaacha hizi. Nameza moja kila asubuhi. Tumbo liwe tupu, maji matupu, na nisitie kitu kingine mdomoni mpaka jua lifike utosini. Hasa chai, ndivyo Aoko alivyonielekeza."

"Na ungeniambia ungekufa?" nikamwuliza.

Akaniangalia. "Hata wewe kikombe changu unakiosha mara mbili," akasema. "Nimekuona. Sikukulaumu, Mama Khamala. Lakini mtu anayeosha kikombe changu mara mbili, ningemwambiaje kwamba nameza tembe?"

Nilikitazama kile kikombe mkononi mwangu kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Mwalimu Khaemba alikuwa ameshavuka mtaro. Akachukua kichupa, akakisogeza mbali na macho, akasoma kimoyomoyo. "Si mizizi hii," akasema. "Ni kitu cha kiwandani. Wanakiita koenzaimu, na jina lake ni herufi nne tu, N, A, D, H. Inasema kila mwili unakitengeneza wenyewe, ndani ya zile chembe ndogo za mwili, kinasaidia chakula kigeuke nguvu."

"Chakula si hugeuka chenyewe?" nikasema. Hasira ilikuwa bado inatafuta pa kwenda.

"Na hapa chini wameandika," Mwalimu akaendelea, "kwamba hakikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote."

"Si unaona! Hata wenyewe hawaziamini!"

"Ngoja. Matumizi." Akasogeza tena. "Tembe moja asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji, dakika thelathini kabla ya chakula." Akainua macho. "Thelathini. Fundi, ni nusu saa tu. Mambo ya jua la utosi hayapo hapa."

Nusu saa! Nusu saa, jamani! Mzungu alisema nusu saa, na Aoko, kwa mapenzi ya ndugu yake, akaona kama nusu saa ni nzuri basi nusu siku itakuwa nzuri zaidi. Ndivyo tulivyo sisi. Tukiambiwa mtoto apewe kijiko kimoja, tunampa viwili na kingine cha kuvisindikiza. Wiki tatu za maisha yangu zilitoka hapo. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, na Osewe naye akaanza kucheka, na kwa muda kidogo nikadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Shivachi hakucheka. "Tembe za mzungu," akasema polepole. "Kila siku, bila kukosa, zimefichwa kwenye droo. Nani hupewa hizo? Si tunajua?"

"Mwalimu amekusomea!" nikamwambia. "Na damu yake ni safi, nimeona karatasi mimi mwenyewe."

"Karatasi huandikwa."

Wenzake wakasogea nyuma hatua moja. Yule mama wa kanisa, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akimsifu Osewe kwa ule msalaba, akaishusha kanzu yake kutoka kwenye kamba kwa vidole viwili, haijapigwa hata pindo. Akasema hana haraka, ataimalizia mahali pengine. Osewe hakumzuia. Alikaza macho kwenye sindano.

Nikaona wazi kilichotokea. Ile sumu iliyokuwa juu yangu wiki tatu ilikuwa imenitoka, imemwangukia yeye. Angeweza kunyamaza. Angeniacha nizame na kibanda changu, aendelee kupona na kuimba. Alijua watu watasema nini, ndiyo maana alikuwa amekificha, na bado alikitoa. Hakuna mtu amewahi kunifanyia jambo kama hilo, na Wakoli wangu alikuwa mume mwema.

Osewe akatazama saa ya mkononi mwa Mwalimu. "Nimemeza saa kumi na mbili," akasema. "Nusu saa imepita." Akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akanywa. Alikunywa nusu, bila haraka, akifumba macho, mtu aliyekosa chai wiki tatu. Kisha akakiweka juu ya mashine, kimebaki nusu, na hakuna aliyesogea.

Niliogopa. Sitakudanganya. Nilikuwa nimesoma karatasi mara tatu, nilikuwa nimesikia Mwalimu, na bado mkono wangu ulikuwa mzito. Uoga ule ulikuwa wangu wa mwaka na nusu. Shivachi alikuwa akiniangalia mimi, si Osewe.

Nikachukua kikombe. Nikakigeuza mpaka pale mdomo wake ulipogusa, palipobaki unyevu, nikaweka wangu. Nikanywa mpaka chini, mpaka majani.

"Chai yangu haina kitu," nikawaambia. "Na huyu hana kitu. Anayetaka kuhama ahame, benchi si gereza."

Chupa zile ziliisha mwezi wa kumi na moja, na hakukuwa na mtu wa kuleta nyingine. Siku nyingine mashine ya Osewe inalia mpaka pindo, siku nyingine inanyamaza katikati na najua ameweka paji la uso chini. Kama zilikuwa ni tembe, au ni mwili wenyewe uliokuwa umeanza kurudi, au ni kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu fulani mahali fulani alikubali kwamba uchovu wake ni wa kweli, sijui, na nina shaka na kila anayejifanya anajua. Kanzu zilipungua, halafu zikarudi moja moja, maana misalaba iliyoshonwa kwingine ilikuwa imepinda. Aoko alikuja kunisalimia siku moja. Nilikunywa chai naye, vikombe viwili.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile nilivuka mtaro nikarudi kibandani, na Osewe alikuwa akinitazama, nilijua bila kugeuka. Nikakitumbukiza kile kikombe cha buluu kwenye karai pamoja na vingine. Nikakisuuza mara moja, nikakipanga na wenzake.